Somo la Nyumba: Njia za Kupata Fedha za Kukarabati Nyumba Bila Kuiweka Hatarini

Mvua za masika zinapokaribia, wakaazi wengi wa Kaunti ya Kilifi huanza kutazama juu. Makuti yamechakaa, mabati yametoboka kwa chumvi ya bahari, na ufa uliokuwa mwembamba mwaka jana sasa unapitisha maji. Kila mtu anajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali gumu ni fedha za kuuziba zitoke wapi, na zitarudishwaje.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa kawaida: mkulima wa korosho na maembe kule Ganze na Magarini, mvuvi wa Malindi, mwalimu wa Kaloleni, mfanyabiashara wa Mtwapa, mjane anayeishi katika boma la mumewe kule Rabai. Linaeleza njia zilizopo, gharama za kila moja, na mambo ya kuangalia kabla ya kutia sahihi. Tunakuomba ulisome pamoja na mwenzako wa ndoa, na ikiwezekana ulijadili katika chama chako.

1. ANZA NA KAZI YENYEWE, MKOPO UJE BAADAYE

Makosa mengi huanza pale mtu anapouliza, "Naweza kukopeshwa kiasi gani?" kabla ya kujua anahitaji kiasi gani. Fuata mpango huu.

Kwanza, tembea ndani na nje ya nyumba ukiwa na daftari. Gawa kazi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi zinazolinda nyumba isianguke au isiharibike zaidi: paa, msingi, nguzo, mapau yaliyoliwa na mchwa, na njia ya maji ya mvua. Fungu la pili ni afya na usalama: choo, nyaya za umeme, milango na madirisha. Fungu la tatu ni mapambo: rangi, dari, vigae, vibaraza.

Pili, tafuta makadirio kutoka kwa mafundi angalau wawili, yakiwa yameandikwa. Makadirio yatenganishe vifaa na ufundi. Yataje ubora wa vifaa pia, si idadi pekee. Kwa mfano, mabati huuzwa kwa geji, na namba ya geji inapopanda bati huwa jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni jepesi kuliko la geji 30, na bei yake ni ndogo. Fundi anayekupa bei ya chini huenda amehesabu bati jembamba, ambalo karibu na bahari halitadumu.

Tatu, ongeza asilimia 10 hadi 15 juu ya makadirio kwa ajili ya mambo yasiyotarajiwa. Paa likifunguliwa ndipo boriti zilizooza huonekana. Usipoweka akiba hiyo, kazi husimama katikati, na nyumba isiyo na paa wakati wa mvua ni hasara kuliko ile yenye paa bovu.

2. NJIA ZA KUPATA FEDHA

(a) Akiba yako na ukarabati wa hatua kwa hatua

Hii ndiyo njia nafuu kuliko zote kwa sababu haina riba. Ubaya wake ni muda: bei za vifaa hupanda huku ukisubiri, na paa linaendelea kuvuja. Inafaa sana kwa kazi za fungu la tatu.

Wengine huweka fedha kidogo kidogo katika duka la vifaa vya ujenzi hadi watimize bei ya mabati au mbao. Ni mpango mzuri ikiwa mwenye duka anaaminika, lakini kila malipo yawe na risiti yenye jina lako, tarehe, kifaa na bei mliyokubaliana. Mabati na misumari vinaweza kukaa. Saruji usiinunue mapema, kwani huvuta unyevu na kuganda, hasa katika hali ya hewa ya Pwani.

(b) Chama

Chama cha mzunguko, ambapo kila mwanachama hupokea mchango kwa zamu, hakina riba. Mkikubaliana mapema, zamu yako inaweza kupangwa iwe kabla ya masika. Vyama vya akiba na mikopo ya mezani huwakopesha wanachama fedha zao wenyewe, na faida hurudi kwao. Hata hivyo, vingi hutoza kwa mwezi, na kiwango kinachosikika kidogo kwa mwezi ni kikubwa kwa mwaka. Asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka. Mkopo wa namna hiyo unafaa kuziba pengo la wiki chache. Kujengea nyumba nzima kwa mkopo huo ni kujitwika mzigo mzito.

(c) Sacco

Kwa wakaazi wengi wenye kipato cha kawaida, Sacco ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya amana za mwanachama. Mwenye amana ya Sh80,000, kwa mfano, anaweza kuomba hadi Sh240,000 akiwa na wadhamini wa kutosha. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua ni ya kawaida katika Sacco nyingi, ingawa kila moja ina viwango vyake.

Faida kubwa ya Sacco ni kwamba mkopo wa kiasi cha kati hauhitaji hatimiliki ya ardhi. Dhamana ni amana zako na za wadhamini wako. Lakini hapo ndipo penye uzito pia. Ukishindwa kulipa, amana za mdhamini ndizo zitakazokatwa, naye pengine ni shemeji au mwalimu mwenzako. Kumdhamini mtu si kumfanyia hisani ya kutia sahihi tu. Ni kukubali kulipa deni lake asipolilipa.

Kabla ya kujiunga, hakikisha Sacco inatambuliwa kisheria. Sacco zinazopokea amana za wananchi hupewa leseni na mamlaka inayosimamia Sacco, SASRA, ambayo hutangaza orodha ya zenye leseni. Kwa vyama vidogo vya ushirika, ulizia ofisi ya ushirika ya kaunti, kwa kuwa ushirika ni mojawapo ya majukumu yaliyogatuliwa na Katiba ya 2010.

(d) Mkopo wa benki kwa mshahara

Mwajiriwa anaweza kupata mkopo unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, bila kuweka ardhi dhamana. Kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi iliyobaki ni ya kuishi. Mtu akikuambia kuna njia ya kuikwepa sheria hiyo, jua anakufungulia mlango wa njaa.

(e) Mkopo wa rehani

Hapa nyumba na ardhi yenyewe ndiyo dhamana. Kiasi huwa kikubwa, muda huwa mrefu na riba mara nyingi huwa nafuu kuliko mkopo usio na dhamana. Gharama za kuanzia, hata hivyo, si ndogo: kuna mthamini, wakili, ushuru wa stempu, bima na ada ya benki. Kwa kazi ya laki moja au mbili, gharama hizo zinaweza kumeza faida yote ya riba nafuu. Rehani inafaa ukarabati mkubwa, kama kugeuza nyumba ya udongo kuwa ya mawe au kuongeza vyumba vya kupangisha. Mbali na benki, Shirika la Kitaifa la Nyumba, NHC, nalo lina mpango wa mikopo kwa nyumba za mashambani na za pembezoni mwa miji.

Kuna nafuu moja ambayo waajiriwa wengi hawaidai. Sheria ya Ushuru wa Mapato inaruhusu riba ya mkopo uliotumika kununua au kuboresha nyumba unayoishi ipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa ushuru, ikiwa mkopo umetoka kwa taasisi inayotambuliwa na sheria hiyo. Tangu mwisho wa Desemba 2024, kikomo ni Sh360,000 kwa mwaka, yaani Sh30,000 kwa mwezi. Tuseme mwajiriwa anatozwa asilimia 30 kwenye sehemu ya juu ya mshahara wake, na analipa riba ya Sh10,000 kwa mwezi. Nafuu yake ni Sh3,000 kila mwezi. Iombe benki taarifa ya riba uliyolipa, uipeleke kwa mwajiri wako au uitumie unapojaza fomu ya KRA.

(f) Mafao ya kustaafu kama dhamana

Kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mafao ya kustaafu zinamruhusu mwanachama wa mpango wa pensheni kutumia hadi asilimia 60 ya mafao yaliyokusanyika kama dhamana ya mkopo wa nyumba, ikiwemo kuongeza, kubadilisha au kukarabati nyumba ya kuishi. Hutoi fedha hizo. Zinabaki kwenye mpango zikisimama kama mdhamini, na ukishindwa kulipa ndipo zinapochukuliwa. Usichanganye kanuni hiyo na ile ya mwaka 2020, inayoruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao, isiyozidi Sh7 milioni, kwa ajili ya kununua nyumba.

(g) Njia zisizo na riba

Kwa wakaazi wanaoepuka riba kwa sababu za dini, benki zinazofuata sharia na vitengo vya Kiislamu katika benki nyingine hutumia mikataba kama murabaha. Taasisi hununua mabati, mbao na saruji, kisha hukuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo, nawe unalipa kwa awamu. Uliza maswali yale yale: bei ya jumla ni ngapi, na kuchelewa kulipa kuna matokeo gani? Mkataba usio na riba nao ni deni.

(h) Mikopo ya simu

Mikopo hii hupatikana kwa dakika chache, lakini mingi hulipwa ndani ya siku 30 au chini ya hapo. Chukua mfano wa mkopo wa Sh20,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Ada ni Sh1,500, bila kuhesabu ushuru. Ukiuzungusha mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa Sh18,000, na zile Sh20,000 bado unadaiwa. Unaweza kukufaa kununua misumari iliyopungua fundi akiwa juu ya paa. Usiutumie kununua paa lenyewe. Tangu 2022, watoaji wa mikopo ya kidijitali wanahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya, ambayo hutangaza majina ya waliopewa. Asiyekuwa kwenye orodha usimpe namba ya kitambulisho chako.

3. JIFUNZE KUSOMA RIBA

Mikopo miwili inaweza kutajwa kuwa ya "asilimia 12 kwa mwaka" na bado mmoja ukagharimu karibu mara mbili ya mwingine. Siri iko katika namna riba inavyohesabiwa.

Tuchukue familia ya mfano inayohitaji Sh240,000: paa Sh120,000, lipu na sakafu Sh70,000, milango na madirisha Sh50,000. Inakopa zote kwa miezi 24.

Mkopo wa kwanza unatoza riba kwa kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Asilimia 12 ya Sh240,000 ni Sh28,800 kwa mwaka, na kwa miaka miwili ni Sh57,600. Familia inalipa jumla ya Sh297,600, yaani Sh12,400 kila mwezi.

Mkopo wa pili unatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalobaki tu. Kila mwezi familia inarudisha Sh10,000 za mtaji pamoja na riba ya salio. Mwezi wa kwanza riba ni Sh2,400, wa pili Sh2,300, wa tatu Sh2,200, ikishuka hadi Sh100 mwezi wa mwisho. Riba yote kwa pamoja ni Sh30,000, na jumla ya malipo ni Sh270,000.

Tofauti ni Sh27,600 kwa mkopo wa kiasi kile kile, muda ule ule na asilimia ile ile. Kwa hiyo unapoambiwa kiwango cha riba, uliza mara moja: "Ni kwa salio linalopungua au kwa kiasi chote cha mwanzo?"

Sasa tuseme familia hiyo imeamua kugawa kazi. Inakopa Sh120,000 za paa pekee, kwa asilimia 1 ya salio kwa mwezi, na kulipa kwa miezi 12. Bado inarudisha Sh10,000 za mtaji kila mwezi. Riba yote ni Sh7,800. Baada ya mwaka mmoja paa liko juu, deni limekwisha, na familia inaweza kuamua kama sakafu na madirisha vitafanywa kwa akiba au kwa mkopo mwingine mdogo. Kukopa kwa ajili ya fungu la kwanza tu kunapunguza riba kutoka Sh30,000 hadi Sh7,800, na mzigo wa kila mwezi haujaongezeka.

Riba si gharama pekee. Omba mkopeshaji akuandikie gharama yote: ada ya kushughulikia mkopo, bima, ada za wakili na mthamini, na adhabu ya kuchelewa. Linganisha jumla ya shilingi utakazolipa mpaka mwisho. Asilimia iliyo kwenye bango haikuambii yote hayo.

4. ARDHI, HATIMILIKI NA FAMILIA

Hapa Pwani, mambo mengi ya fedha za nyumba hukwama kwenye ardhi. Angalia uko katika hali gani.

Una hatimiliki kwa jina lako. Unaweza kuiweka rehani. Lakini kama hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataka idhini ya maandishi ya mume na mke, na kila mmoja awe ameelewa anachokubali. Mwenzi asilazimishwe kutia sahihi, na asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, inahitajika pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ya eneo lako.

Hatimiliki ina jina la marehemu. Hali hii ni ya kawaida sana: babu ameshafariki, hati bado ina jina lake, na wajukuu wamejenga. Hakuna mkopeshaji halali atakayeipokea kama rehani kabla ya kesi ya mirathi kukamilika mahakamani, au katika Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Anzeni shughuli hiyo mapema, kwani inaweza kuchukua muda mrefu kuliko mlivyotarajia. Mjane asikubali kuambiwa kwamba hahusiki, kwa kuwa sheria ya mirathi inamtambua.

Ardhi haijagawanywa, au ni ya jamii. Huwezi kuiweka rehani peke yako. Njia zako ni akiba, chama, Sacco ya wadhamini au mkopo wa mshahara.

Una nyumba bila ardhi. Katika miji ya Pwani, wapo wanaomiliki kuta na paa huku ardhi ikiwa ya mtu mwingine, wakimlipa kodi ya kiwanja. Kabla ya kutumia laki mbili kwenye nyumba hiyo, kaa na mwenye ardhi. Pata makubaliano ya maandishi kuhusu muda utakaokaa na haki yako juu ya nyumba ikiwa ardhi itauzwa. Bila hayo, chagua ukarabati wa vifaa vinavyoweza kubomolewa na kuhamishwa, kama mabati, mbao, milango na madirisha, badala ya kuzika fedha nyingi kwenye msingi na sakafu.

5. UKISHINDWA KULIPA, SHERIA INASEMAJE?

Usikimbie wala usizime simu. Mkopeshaji anaweza kukubali kupanga upya marejesho ukimwendea mapema, kabla ya miezi kupita. Nenda na barua, na ubaki na nakala yenye muhuri.

Kwa mkopo wa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kuuza nyumba siku moja baada ya kukosa malipo. Deni likibaki bila kulipwa kwa mwezi mmoja, anaweza kutoa ilani ya maandishi inayokupa muda usiopungua miezi 3 kurekebisha. Muda huo ukiisha, ni lazima atoe ilani nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, na mwenzi wa ndoa naye apewe ilani hiyo. Baada ya hapo dalali hutoa ilani yake ya siku 45 kabla ya mnada. Mkopeshaji pia ana wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana. Hatua yoyote ikirukwa, unaweza kwenda mahakamani. Ilani hizi ndizo nafasi yako ya kujitetea, kwa hiyo usizitupe.

Kuna ulinzi mwingine kwa mikopo ya benki. Sheria ya Benki inasema kwamba mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba inayoendelea kuongezwa haiwezi kuzidi salio la mtaji lililokuwepo wakati huo. Ukiona deni limepanda kupita hapo, omba hesabu kwa maandishi na umwone wakili.

Kuhusu CRB, una haki ya kupata ripoti yako bila malipo angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni iliyopewa leseni. Itazame kabla ya kuomba mkopo, ili kosa lililomo lirekebishwe kabla hujakataliwa.

6. KIBALI, FUNDI NA MATAPELI

Kupaka rangi, kuziba ufa na kubadilisha bati lililotoboka ni matengenezo ya kawaida. Kuongeza chumba, kuinua ghorofa au kubadilisha matumizi ya nyumba ni jambo jingine. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka upate kibali cha kaunti kabla ya kuanza. Uliza ofisi ya mipango ya kaunti ndogo yako mapema, na uweke ada ya kibali kwenye makadirio. Kazi iliyosimamishwa katikati hula mkopo bila kuzaa kitu.

Fedha zikishapatikana, zilinde. Nunua vifaa mwenyewe au pamoja na fundi. Andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: kazi, bei, muda na awamu za malipo. Lipa kazi inapofika hatua mliyokubaliana, na ubaki na sehemu ya mwisho mpaka mvua ya kwanza ilijaribu paa.

Ukipigiwa simu na mtu anayedai kuna fedha za bure za kukarabati nyumba, na kwamba utume kwanza "ada ya usajili", usitume. Nenda katika ofisi ya msimamizi wa wadi au kituo cha Huduma uulize ana kwa ana.

7. MASWALI KABLA YA KUTIA SAHIHI

Soma orodha hii mbele ya mkopeshaji:
- Nitalipa jumla ya shilingi ngapi mpaka mwisho?
- Riba ni kwa salio linalopungua, na inaweza kubadilika katikati?
- Nikilipa mapema, kuna ada?
- Nikichelewa mwezi mmoja, nini kitatokea?
- Marejesho yanaweza kufuata msimu wangu? Mvuvi hupata kidogo wakati wa kusi, na mkulima wa korosho hupata fedha wakati wa mavuno.
- Dhamana ni nini hasa, na itaachiliwa lini na kwa hati gani?

Kisha jiulize mwenyewe: mwezi mbaya kuliko yote mwaka jana, ningeweza kulipa kiasi hiki na bado watoto wakala? Kama jibu ni hapana, punguza kazi au ongeza muda wa kuweka akiba.

ZOEZI LA KUJADILI KATIKA CHAMA

Mwanachama anataka Sh50,000 za kukarabati choo na njia ya maji. Chama kinamkopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi, kwa miezi 5, akirudisha Sh10,000 za mtaji kila mwezi.
(i) Atalipa riba ngapi ikiwa inahesabiwa kwa kiasi chote cha mwanzo?
(ii) Atalipa ngapi ikiwa ni kwa salio linalopungua?
(iii) Sacco ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio ingemgharimu ngapi?

Majibu: (i) Sh5,000 mara 5, yaani Sh25,000. (ii) Sh5,000, 4,000, 3,000, 2,000 na 1,000, jumla Sh15,000. (iii) Sh500, 400, 300, 200 na 100, jumla Sh1,500.

Baada ya kulinganisha majibu, jadilini swali moja zaidi: je, chama chetu kinaweza kujiunga na Sacco kwa pamoja, au kupunguza riba kwa mikopo ya ukarabati wa nyumba pekee? Uamuzi huo ni wenu, na hauhitaji kibali cha mtu yeyote nje ya katiba ya chama.